Koti Refu na Fundi wa Funguo

12 Februari

Afande,

Sijui kama mtu akishastaafu bado anaitwa afande, lakini jina lingine la kukuita sijawahi kuwa nalo, na sasa nimechelewa kulitafuta. Anwani hii nimepewa na yule dada wa mapokezi pale kituoni baada ya kumsumbua siku tatu mfululizo. Asilaumiwe.

Mimi ni mke wa fundi wa funguo, yule aliyekutwa ameuawa ndani ya kibanda chake nyuma ya stendi ya mabasi, miaka kumi na mmoja iliyopita. Ulikuja nyumbani kwangu mara mbili. Mara ya kwanza ulikaa, mara ya pili ulisimama. Bado napiga pasi kwenye duka lile lile la dobi. Bado naishi na mama mkwe wangu, ambaye ulimkuta akishona vifungo vya shati la mwanawe wakati shati halina tena mwenyewe. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Sasa ni karani wa bima na ananisahihisha ninavyoongea.

Nakuandikia kwa sababu ya televisheni. Cheka tu. Ni hii tamthilia ya upelelezi ya kila Alhamisi, iliyopewa tuzo, ambayo hata magazeti yanaisifu kana kwamba yenyewe ndiyo yaliyoitengeneza. Kwetu ilikuwa mwiko. Maiti ikionekana kwenye skrini, mama mkwe anazima. Binti ndiye aliyeanza kunibembeleza: "Mama, hii ni tofauti, jaribu moja tu." Nikajaribu moja. Sasa nimeshajaribu tisa.

Nitasema ukweli: naipenda. Yule mpelelezi mkuu, sisi pale dobi tunamwita Koti Refu maana halivui hata jua likiwaka. Simu ikilia anaacha chakula mezani. Anabandika picha za marehemu ukutani na kuongea nazo. Anamwambia mama wa marehemu, "Sitalala mpaka nimpate." Na kweli halali, mpaka macho yamekuwa mekundu. Nikimwangalia nafurahi. Ikiisha, nakaa pale na glasi ya maji mkononi naona aibu, kama mtu aliyekwenda kwenye msiba wa mwenzake akaomba aongezewe chakula.

Swali langu ni dogo. Wewe ulikosa usingizi hata siku moja kwa ajili ya mume wangu? Sikulaumu. Nataka kujua tu.

Ningepiga simu, lakini kwenye simu nitalia na wewe utakata.

Mke wa fundi wa funguo


27 Februari

Mama,

Barua yako ya tarehe 12 nimeipokea tarehe 24 na nimeielewa.

Kuhusu tamthilia uliyoitaja, mambo hayako hivyo. Hakuna mpelelezi anayepewa ukuta mzima. Mimi nilikuwa na meza moja tukigawana wawili, na droo yake haikufunga. Wakati wa shauri la mumeo nilikuwa na majalada arobaini na moja. Yale majibu ya maabara yanayorudi kabla ya tangazo la sabuni, sisi tuliyangoja miezi sita, na mengine nimestaafu nikiwa bado nayangoja. Wala hakuna afisa anayevaa koti la namna ile. Ukikimbia nalo unaanguka.

Mke wangu anaipenda. Mimi nakaa naye kwa sababu viti viko chumba hicho hicho.

Kuhusu swali lako: upelelezi ulifanyika kwa utaratibu wote uliotakiwa. Mashahidi walihojiwa. Hapakupatikana ushahidi wa kumfikisha mtu yeyote mahakamani, na jalada likafungwa. Nakupa pole kwa mara nyingine.

Nakushauri usiangalie vitu vinavyokuumiza.

Mpelelezi Mkuu (Mstaafu)


11 Machi

Afande,

Ahsante kwa kunijibu, ingawa umenijibu kama watu wa bima. Binti yangu ndiye anayeandika barua hizo, naijua harufu yake.

Ushauri wako sikuufuata. Alhamisi iliyopita aliuawa muuza dawa, mtu mpole, mtaa mzima unamlilia. Koti Refu akamwambia msaidizi wake, "Hakuna anayeuawa bure. Tafuta alichoficha." Wakatafuta wakakuta yule mpole alikuwa akiwauzia vijana sumu kupitia mlango wa nyuma. Mama mkwe akasema, "Uongo mtupu," akaendelea kumenya chungwa lake. Mimi maneno yale yaliniingia yakakaa.

Jumamosi nikavuta sanduku la vifaa vya mume wangu kutoka chini ya kitanda. Kila mwaka nalifuta vumbi, lakini kufungua sikuwahi, moyo haukutaka. Chini kabisa, chini ya patasi na tupa zake, nikakuta funguo zimefungwa kwa waya. Ishirini na sita. Sio funguo mpya ambazo hazijachongwa, hapana. Zimechongwa na zimetumika. Kila moja ina kipande cha plasta kimeandikwa kwa mkono wake: 3B, 7A, 7C. Namba za milango ya watu. Jina hata moja hakuna.

Nimeishi na mtu yule miaka kumi na tisa. Alinieleza mpaka ndoto zake. Hizi hakunieleza.

Sanduku hili ulilichukua wewe, ukalirudisha kwa mkono wako mwenyewe, kwa hiyo funguo uliziona. Niambie, afande. Mume wangu alikuwa akiwafungulia wezi milango? Jibu la neno moja linanitosha.

Mke wa fundi wa funguo


2 Aprili

Afande,

Labda barua yangu imepotea. Naandika tena.

Siku hizi nimekuwa Koti Refu bila koti. Napiga pasi huku napeleleza. Nimekumbuka kwamba kila Jumapili mchana alikuwa akitoka saa mbili nzima, na akirudi nikimuuliza alikokuwa ananijibu, "Nilikuwa kwa watu." Kwa watu gani? Sikuuliza. Wakati ule neno hilo lilinitosha. Sasa nalipiga pasi kila siku na halinyooki.

Jana nilikwenda gereji kwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Nilimuuliza kama aliwahi kusikia lolote. Alitoka chini ya gari, akajifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akasema, "Shemeji, yale maneno yalisemwa pale stendi tangu siku zile. Sikutaka uyasikie."

"Yalisemwa na nani?"

"Walisema afande mwenyewe ndiye aliyesema."

Ulisema nini, afande? Kama ni ndiyo, andika ndiyo. Kama ni hapana, tafadhali, panda basi uje, au mpe mtu alete, au andika kwenye kipande chochote cha karatasi.

Mke wa fundi


23 Aprili

Afande,

Kimya chako nimekisoma. Mtu mwenye hapana angeshaisema.

Picha yake nimeitoa ukutani pale sebuleni. Pamebaki alama nyeupe yenye pembe nne, na binti anapita pale akiinamisha kichwa kama anapita chini ya kamba ya nguo.

Mama mkwe aliuliza picha imekwenda wapi. Nilijipanga kumwambia imepelekwa kutiwa kioo kipya. Badala yake nikamwambia yote. Nikamwekea funguo mapajani. Nikamwambia maneno ya stendi, na kwamba uliyesema ni wewe, na kwamba nimekuandikia mara mbili hujibu. Alizigeuza funguo zile moja moja mpaka zikaisha.

Akaniuliza, "Wewe umeona nini? Wewe mwenyewe, kwa macho yako?"

"Nimeziona hizo, Mama."

"Hizo ni vyuma." Halafu akasema, taratibu, kama anayehesabu mishono: "Mimi nilimbeba tumboni. Wewe ulilala naye miaka kumi na tisa. Mtu akiwa hana mdomo tena, ni sisi wawili tuliokuwa mdomo wake. Sasa nimebaki peke yangu."

Kesho yake alimpigia shemeji aje amchukue. Hakugombana na mtu. Alikunja nguo zake, akamwachia binti sindano zake na kopo la vifungo, akaondoka. Nilimfuata mpaka barabarani nimebeba mkoba wake. Aliupokea kwa mkono mmoja bila kuniangalia.

Tamthilia bado naiangalia. Pale dobi nawashinda wote kwa kumtambua muuaji. Nimejua siri yake: unamshuku yule uliyempenda zaidi, na hukosei.

Sitakuandikia tena.

Mpiga pasi


21 Mei

Mama,

Barua zako zote zilifika. Hakuna iliyopotea. Mke wangu huzichukua posta na kuniwekea juu ya redio, nami nilizisoma siku hiyo hiyo kila moja. Nimeanza kukujibu mara nyingi, na kila mara nilijikuta naandika ripoti. Hii nayo ikigeuka ripoti, vumilia, ndiyo lugha niliyonayo.

Mumeo hakuwa mwizi.

Nimeliandika peke yake ili ulione vizuri.

Zile funguo nilizijua siku ya nne ya upelelezi. Nilizungumza na msimamizi wa yale majengo ya ghorofa nyuma ya stendi. Kule juu waliishi wazee wengi peke yao. Mmoja alianguka bafuni akalala sakafuni siku mbili, majirani wanagonga, hakuna wa kufungua. Mumeo ndiye aliyeitwa kuvunja kitasa. Baada ya hapo wazee wakamwomba mmoja mmoja awawekee ufunguo wa akiba. Kila Jumapili alipita akigonga mlango hadi mlango. Akiitikiwa, anasalimia na kupita. Asipoitikiwa, anafungua. Walimsihi asimwambie mtu yeyote, maana ufunguo ukijulikana ulipo hauna kazi tena. Inaonekana "mtu yeyote" alilichukua kama lilivyo, mpaka na wewe. Maelezo hayo niliyaandika mwenyewe na msimamizi akatia sahihi. Ni ukurasa wa nne wa jalada.

Sasa lililobaki.

Mauzo ya siku ile yalikuwa bado kwenye droo ya kibanda, kwa hiyo sikuweza kusema ni ujambazi. Mama mmoja muuza magazeti alimwona mtu akitoka pale na akaniambia anaweza kumtambua. Nilimwambia nitarudi. Sikurudi. Nilikuwa nimepata uhamisho wa kwenda kituo kikubwa, cheo juu, na mkubwa wangu alitaka meza iwe safi kabla ya mwisho wa mwezi. Nikaandika mstari mmoja: "Marehemu anasadikiwa kushirikiana na wezi wa majumbani, huenda aliuawa na wenzake." Mstari kama huo ukiwepo hakuna anayeuliza tena. Nikauandika huku ukurasa wa nne uko kwenye jalada hilo hilo, chini ya kiwiko changu. Pale stendi nako nikaulizwa, nikajibu hivyo hivyo. Hayo ndiyo aliyoyasikia shemeji yako. Mkuu wangu hakuniambia niandike uongo. Alisema meza iwe safi tu. Uongo nilitunga mimi.

Uliniuliza kama nilikosa usingizi. Hapana. Nililala vizuri miaka kumi na mmoja, na hilo ndilo linalonitia haya kuliko mengine. Tulipokuwa tunaangalia ile sehemu ya muuza dawa, mke wangu alinipiga begani kwa furaha akasema, "Wewe ungejua kabla yao wote!" Nikatoka nje nikasimama kwenye banda la kuku. Hadithi ile ya marehemu aliyestahili, mimi niliitunga kabla yao, na mtu wangu hakuwa wa kuigiza. Siku chache baadaye ikaja barua yako ya funguo. Kukujibu kulitaka neno moja, ulivyosema. Lakini nyuma ya neno hilo kulikuwa na haya yote, nikaogopa.

Nakuomba sana umrudishie mama mkwe wako mwanawe. Mwambie alikuwa sahihi.

Mstaafu


3 Juni

Afande,

Mama mkwe alifariki tarehe 6 Mei, nyumbani kwa shemeji. Barua yako imenikuta wiki tatu na siku nne baadaye. Nimeisoma dobi, nimesimama, pasi mkononi. Nimeunguza shati la mteja, jeupe, mgongo mzima.

Nilikwenda kumwona mara moja alipozidiwa. Nilikaa kwenye stuli karibu na kitanda. Aligeukia ukutani. Sikuwa na la kumwambia, maana bado niliamini. Unaelewa? Nilikaa pale saa nzima nikimwonea huruma kwa kuwa mama wa mwizi. Nikawa namsubiri akubali.

Ungenunua stempu ile Aprili, ningekwenda kwa magoti.

Usiniambie nimwambie mtu kitu. Nenda wewe kituoni, ulipoandika uandike tena. Halafu njoo hapa, umwambie shemeji yangu na binti yangu kwa mdomo wako, maana mdomo wako ndio uliopeleka yale maneno stendi. Sitaki barua nyingine isipokuwa ya kunijulisha siku.

Mkwe wa marehemu


26 Juni

Mama,

Sina maneno ya kukupa kuhusu mama mkwe wako. Nimeyatafuta.

Kituoni nilikwenda Jumatatu. Nilikaa kwenye benchi la walalamikaji saa tatu. Sikujua kama ni gumu vile. Aliyenipokea ni inspekta wa kike, kijana, mpole kwa wazee. Jalada lilikutwa stoo, panya wamekula pembe. Ukurasa wa nne upo mzima. Inspekta aliniambia mstari wangu haufutiki, kilichoandikwa kimeandikwa, ila naweza kuongeza maelezo mbele yake. Niliandika kurasa mbili. Alizisoma, akauliza, "Mzee, unajua hili linaweza kukuletea matatizo?" Nikamwambia najua. Akagonga muhuri.

Nilikwenda pia kumtafuta yule mama wa magazeti. Pale alipokuwa pamejengwa duka la vifuniko vya simu. Niliuliza watu sita. Wawili wanamkumbuka, hakuna anayejua alikohamia. Aliyemuua mumeo simjui, na nadhani sasa hatajulikana. Wiki ile ya kwanza angeweza kujulikana. Nakuambia hili ili usinisubiri.

Wakati naondoka, inspekta alinisindikiza mlangoni akaniuliza kama naangalia ile tamthilia. Anasema ndiyo iliyomfanya ajiunge na polisi. Nilitaka kumcheka, sikuweza. Nilimwambia, "Angalia, binti yangu. Lakini ukifika kazini, ukurasa wa nne usome mpaka mwisho."

Nitakuja Jumamosi ya tarehe 10 Julai, kwa basi la asubuhi.

Mstaafu


13 Julai

Afande,

Nakuandikia kwa mara ya mwisho, kwa sababu kuna jambo lilitokea ulipoondoka na sina mwingine wa kumwambia.

Nilikuona ukishuka kutoka kwenye basi, umevaa suti iliyokubana, nikajua umevaa ile ya kwenda mahakamani. Uliyasema yote umesimama, hukuficha, hukujitetea, hata kuhusu uhamisho. Nilikuwa nimejiandaa kukuchukia kwa nafasi, ukaninyima. Shemeji kutokukupa mkono usishangae. Umemsikia alichokuuliza: "Mama alijua kusoma. Kwa nini hukumwandikia yeye?" Na umeona kwamba hakungoja jibu. Amerudi gereji. Kesho yake alikwenda stendi akiwa na nakala yenye muhuri ya maelezo yako uliyotuachia, akamsomea kila mtu mwenye kibanda pale, mmoja mmoja, mpaka akakauka sauti. Wengine hata marehemu hawakumjua. Aliwasomea hivyo hivyo.

Uliponiomba msamaha mlangoni nilinyamaza. Haikuwa kiburi. Wanaotakiwa kumwomba radhi mama mkwe tumepanga foleni, na mimi ndiye wa mbele. Siwezi kumhudumia wa nyuma yangu.

Ulipokwisha ondoka, binti alianza kuosha vikombe. Akaniuliza akiwa amenipa mgongo:

"Mama, yule mzee baba hakuwa wake. Alikuwa faili la arobaini na ngapi sijui. Wewe je? Miaka kumi na tisa, halafu ukamwamini mtu wa kwenye televisheni?"

Nilimwambia ni zile funguo. Akasema hapana. Nilimwambia ni maneno ya shemeji. Akasema hapana, Mama, ulikuwa umeshaamini kabla ya kwenda gereji. Nikakaa chini. Nikatafuta ndani yangu kweli kweli, afande, kama wanavyotafuta kwenye nyumba ya mtu, nikakuta kitu ambacho sikutaka kukikuta.

Nikamwambia, "Nilitaka sababu. Miaka kumi na mmoja mtu ameondoka asubuhi amebeba chakula chake cha mchana, na hakuna sababu. Nilipoona pale kwamba kila anayeuawa ana sababu, nikaona bora na yeye awe nayo. Hata mbaya. Mbaya ilikuwa nyepesi kuliko hakuna."

Binti akafunga bomba. Akakausha mikono kidole kwa kidole. Hakuwa na hasira, na ndiyo maana ninaandika, maana hasira ningeweza kuijibu.

Akasema, "Bibi naye hakuwa na sababu. Akakaa hivyo hivyo bila, na bado akamjua mwanawe."

Halafu akaingia chumbani kujiandaa na kazi ya Jumatatu, akaniacha pale jikoni.

Mama yake binti